Sitini isisikike tisini: Namna ya kuchagua maikrofoni za chumba cha mkutano

NYAKABIGA, Bujumbura

CHUKUA mfano wa ushirika wa wafanyabiashara wanane wa dagaa. Watano wamekaa katika chumba cha ofisi hapa Nyakabiga, mmoja yuko Kigoma, mwingine Uvira na wa nane yuko barabarani kuelekea Kobero. Wamepigiana simu ya pamoja. Simu imewekwa katikati ya meza, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Wa Kigoma anauliza: "Tunapakia magunia mangapi?" Aliyekaa pembeni mwa meza anajibu: "Sitini." Kigoma wanasikia tisini, na boti inapakiwa tisini.

Magunia 30 yasiyo na mnunuzi yanafika Bujumbura, na ushirika unaanza kutafuta nani alikosea. Huenda hakuna aliyekosea. "Sitini" na "tisini" ni maneno yenye herufi zilezile. Tofauti ni mahali zilipokaa "s" na "t". Sauti hizo mbili ni hafifu, tena ziko katika masafa ya juu. Simu ya kawaida ya tangu zamani hubeba sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, wakati sehemu kubwa ya nguvu ya "s" iko juu ya hapo. Irabu, ambazo ndizo zenye nguvu, hupita vizuri. Konsonanti hupotea njiani. Msikilizaji anapokea "-i-ini" na kujazia mwenyewe.

Kwa wanaohesabu kwa Kifaransa, hatari ni ileile. "Six" na "dix" huishia sawasawa, na "soixante" na "septante" ya hapa Burundi na Kongo huanza kwa sauti moja. Katika chumba kimoja cha biashara Bujumbura, bei inaweza kuanza kwa Kirundi, ikajadiliwa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kifaransa. Kila inapobadili lugha, inahitaji kusikika upya.

Mikutano ya namna hii imekuwa mingi. Burundi ilifunga mipaka yake ya ardhi na Rwanda Januari 2024. Uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umeifanya safari fupi ya gari kuwa jambo la kupangia bajeti. Mfanyabiashara aliyekuwa akivuka mpaka ili azungumze na mwenzake sasa huzungumza naye akiwa mezani. Kwa hiyo kifaa kinachobeba sauti yake kimekuwa chombo cha kazi, kama mizani.

Nyakabiga ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili. Ni mtaa wa watu wengi na nyumba zilizobanana, jirani na Bwiza na Buyenzi, karibu na Kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi. Katika mtaa wa namna hii ofisi nyingi ndogo hazikujengwa kuwa ofisi: sebule imewekewa meza ndefu, chumba cha kulala kimekuwa stoo. Atakayechagua maikrofoni kwa chumba kama hicho hawezi kunakili yaliyofanywa hotelini.

Jina moja, bidhaa mbili

Kabla ya kuagiza, kubalianeni juu ya jina. Dar es Salaam dukani utasikia "maiki". Bujumbura na Uvira watu wengi husema "mikro", kutokana na Kifaransa. Kwenye barua na ankara huandikwa "kipaza sauti". Tatizo ni hili la mwisho: kwa wengine kipaza sauti ni kile unachokishika mdomoni, kwa wengine ni spika inayotoa sauti. Oda ya "vipaza sauti sita" inaweza kukuletea spika sita.

Makala haya yanatumia "maikrofoni" kwa kifaa kinachopokea sauti, na "spika" kwa kinachoitoa. Kwenye oda ya kuvuka mpaka, ongeza namba ya ushuru, kwa sababu namba haina lahaja. Maikrofoni na stendi zake ziko katika kifungu 8518.10 cha mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa. Spika moja ndani ya boksi lake ni 8518.21, vipokea sauti vya masikioni ni 8518.30, na amplifaya ni 8518.40. Seti kamili ya kukuza sauti inayouzwa pamoja ina namba yake, 8518.50.

Chumba kwanza, kifaa baadaye

Kosa la kawaida ni kununua maikrofoni ili kutibu ugonjwa wa chumba. Piga kofi moja katikati ya chumba kitupu na usikilize. Ukisikia kofi linaendelea kutetemeka ukutani, chumba kina mwangwi. Kuta za plasta, sakafu ya vigae na madirisha ya vioo hurudisha sauti kama mpira. Kwa chumba kidogo cha mkutano, sauti inatakiwa kufifia ndani ya takriban sekunde 0.6. Ikizidi sana hapo, silabi ya kwanza inakuwa bado hewani wakati ya tatu inatamkwa.

Masikio mawili ya binadamu yana uwezo wa kuutenga mwangwi na kumfuata msemaji. Maikrofoni moja haina uwezo huo, hukusanya vyote. Ndiyo maana watu mliokaa chumbani mnaona sauti ni safi, huku mwenzenu wa Uvira akisema mnaongea kama mko ndani ya pipa.

Dawa yake haihitaji kuagizwa ng'ambo. Mapazia mazito madirishani, zulia au mkeka mnene sakafuni, kabati lenye mafaili na vitabu ukutani, viti vya vitambaa badala ya plastiki. Vitenge vinavyopachikwa ukutani vikiwa na sponji nyuma yake hufanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani. Kitenge peke yake, bila unene nyuma, husaidia kidogo tu.

Kisha hesabu vyanzo vya kelele: feni, jenereta ya jirani, barabara, na bati. Mvua kubwa juu ya paa la bati lisilo na dari haishindwi na maikrofoni yoyote. Mwenye chumba cha namna hiyo afikirie dari kwanza, au katika miezi ya mvua apange mikutano asubuhi, kwa kuwa mara nyingi mvua kubwa hunyesha mchana.

Umbali ndio bei halisi

Kanuni moja ya fizikia inaamua zaidi ya nusu ya ununuzi huu: kila unapoongeza maradufu umbali kati ya mdomo na maikrofoni, sauti ya msemaji hushuka kwa desibeli 6 hivi. Mazungumzo ya kawaida hufika kama desibeli 60 kwa umbali wa mita moja. Kwa sentimita 25 yanakuwa takriban 72. Kwa mita mbili yanabaki 54, kwa mita nne 48. Feni na barabara havishuki. Viko palepale, pande zote.

Maana yake ni kwamba maikrofoni ya bei ndogo iliyoko sentimita 25 kutoka mdomoni humshinda ndugu yake wa bei kubwa aliyeko mita tatu. Ukiwa na fedha kidogo, usinunue ubora, nunua ukaribu.

Kwa kanuni hiyo, tuzipitie aina zinazopatikana.

Ya kwanza ni *maikrofoni ya mkononi*, ile ya waimbaji na wahubiri. Nyingi ni za aina iitwayo dainamiki: ngumu, hazihitaji umeme wake zenyewe, hazisumbuliwi sana na joto wala vumbi. Zimeundwa kukaa karibu sana na mdomo. Zinafaa mkutano mkuu wa wanachama, ambapo msemaji hupewa na wengine husikiliza. Hazifai mazungumzo ya watu wanane mezani, kwa sababu kila jibu linasubiri maikrofoni ipitishwe, na wanyonge wa chumba hawapitishiwi.

Ya pili ni *maikrofoni ya shingo*, yenye bomba jembamba linalopindika, inayosimama mbele ya kila kiti. Nyingi ni za aina ya kondensa, zenye usikivu mkubwa kuliko dainamiki. Huipata sauti kwa sentimita 30 hadi 50 bila msemaji kuinama. Hii ndiyo chaguo la kawaida la mabunge na mabaraza. Kumbuka kwamba kondensa huhitaji umeme, kwa kawaida volti 48 zinazopitishwa kwenye waya uleule wa sauti kutoka kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti. Mikisa isiyo na swichi ya volti 48 haitaiamsha, nawe utafikiri umeuziwa mbovu.

Ya tatu ni *maikrofoni bapa* inayolala mezani. Haizuii uso wa mtu, hailingani na silaha, na wageni huisahau. Lakini husikia kila kitu kinachogusa meza: kalamu, kikombe cha chai, vidole vya mwenye hasira. Mahali wanapopiga meza wanapojadili bei, iache.

Ya nne ni *ya kubana kwenye nguo*. Ni nzuri kwa mkufunzi mmoja anayetembea mbele ya darasa, lakini haina maana kwa meza ya majadiliano.

Ya tano ni *kifaa cha mezani chenye maikrofoni na spika pamoja*, chenye umbo la sahani, kinachounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB au na simu kwa Bluetooth. Kwa ofisi ya watu wanne hadi sita walioizunguka meza moja, hiki ndicho kinachotoa faida kubwa kwa fedha ndogo. Mpaka wake ni umbali. Wauzaji hutaja mita nne au tano. Katika chumba chenye vigae, lihesabu nusu ya hilo.

Ya sita ni *ya darini*, yenye maikrofoni ndogo nyingi zinazofuata sauti ya anayesema. Ni nzuri katika chumba kilichotulizwa sauti, na ni ghali. Katika chumba chenye mwangwi na jenereta nje ya dirisha, ni fedha iliyotupwa juu.

Nyingi si bora

Mwenyekiti anayetaka kila mjumbe awe na maikrofoni yake ana nia njema. Lakini kila idadi ya maikrofoni zilizo wazi inapoongezeka maradufu, mfumo hupoteza kama desibeli 3 za nguvu unazoweza kuzitumia kabla spika hazijaanza kupiga mluzi. Kutoka moja hadi nane ni desibeli 9. Nane zikiwa wazi pamoja, chumba kitapiga mluzi kwa sauti ambayo moja ingeibeba bila shida.

Mluzi wenyewe si uchawi wala si "maiki kuchoka". Ni sauti ya spika inayoingia tena kwenye maikrofoni, inakuzwa, inatoka, inaingia tena. Tiba ni mahali. Maikrofoni nyingi za mkutano husikia zaidi mbele, na zile za mchoro wa umbo la moyo husikia kidogo kabisa nyuma yake. Basi spika ikae upande wa nyuma ya maikrofoni, kamwe isiwe mbele yake. Na zikiwa mbili au zaidi mezani, umbali kati yao uwe angalau mara tatu ya umbali wa mdomo na maikrofoni: ukisema kwa sentimita 30, jirani yake awe sentimita 90 mbali.

Kwa mabaraza ya watu kumi na zaidi, kuna mfumo wa mikutano: kila kiti kina kitufe, taa nyekundu huwaka ukipewa nafasi, na mashine ya kati huruhusu idadi fulani tu kufunguka kwa wakati mmoja. Kiti cha mwenyekiti kina kitufe cha kipaumbele kinachowanyamazisha wengine wote.

Kitufe hicho si jambo la kiufundi pekee. Katika ushirika ambamo mweka hazina anahojiwa na wanachama, anayeshika kitufe cha kunyamazisha anashika mkutano. Chama kinachonunua mfumo huo kiandike katika kanuni zake kitufe kitumike lini, kabla hakijatumika.

Walioko kwenye simu

Mkutano wenye watu wa mbali una tatizo ambalo la chumbani tu halina. Sauti ya mtu wa Kigoma inatoka kwenye spika yenu, inaingia kwenye maikrofoni yenu, na kumrudia mwenyewe baada ya muda mfupi. Mtu anayejisikia akirudiarudia huacha kusema. Vifaa vya mezani vya USB na programu za mikutano huondoa marudio hayo kwa hesabu: hujua kilichotoka kwenye spika, hukitoa kwenye kilichoingia.

Hesabu hiyo huvurugika kunapokuwa na vifaa viwili. Mjumbe akifungua mkutano uleule kwenye simu yake ndani ya chumba kilekile, spika yake haijulikani na kifaa cha mezani. Kanuni ya chumba iwe moja: kifaa kimoja tu chenye maikrofoni na spika zilizo wazi. Wengine wote wazime.

Angalia pia urefu wa waya. Waya wa USB 2.0 wa kawaida una kikomo cha mita 5. Meza ikiwa mbali na kompyuta zaidi ya hapo, kifaa kitakatikakatika na lawama itakwenda kwa intaneti. Waya za maikrofoni zenye plagi ya pini tatu, ziitwazo XLR, huweza kwenda makumi ya mita bila kuvuna mvumo wa umeme. Zile za pini moja nene, kama za gita, zisizidi mita sita hivi.

Chumba cha lugha tatu

Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili ni lugha rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo rasmi Julai 1, 2007, na ambayo sasa ina nchi nane. Chama cha wafanyabiashara kinachokaribisha wenzao kutoka Nairobi, Goma na Kampala kitahitaji mkalimani siku moja.

Ukalimani wa papo kwa papo ulipata umaarufu katika kesi za Nuremberg, zilizoanza Novemba 1945 kwa lugha nne: Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kijerumani. Wasemaji waliwekewa taa mbili: ya njano ilimwambia apunguze kasi, nyekundu ilimwambia asimame. Katika kanda yetu, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilifanya kazi Arusha kwa Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Shahidi alitamka kwa lugha ya nyumbani kwake na hukumu ikategemea alichosikia mkalimani.

Mkalimani anasikiliza na kusema kwa wakati mmoja, hivyo anahitaji sauti safi kuliko mjumbe wa kawaida. Kiwango cha kimataifa cha vifaa vya ukalimani, ISO 20109, kinataka mfumo upitishe masafa ya kati ya hezi 125 na 15,000. Linganisha na zile 3,400 za simu. Muuzaji akikuambia seti yake "inafaa ukalimani", omba karatasi ya vipimo na utafute namba hizo mbili.

Kwa mikutano michache kwa mwaka, kukodi ni busara kuliko kununua. Kinachofaa kununuliwa mapema ni maikrofoni za shingo zilizo nzuri, kwa sababu mkalimani hawezi kuokoa neno ambalo halikuingia.

Zisizo na waya, na mtego wa mitumba

Hapa ndipo mfanyabiashara wa kuvuka mpaka anaweza kupoteza mzigo mzima. Maikrofoni zisizo na waya hutumia masafa ya redio, na masafa hayo yamegawanywa upya duniani.

Marekani ilizuia maikrofoni kutumia bendi ya megahezi 700 tangu Juni 2010, na sehemu kubwa ya bendi ya 600 tangu Julai 2020, kwa kuwa ziligeuzwa kuwa za mitandao ya simu. Uingereza iliiondoa bendi ya 700 mwaka 2020. Vifaa vilivyokuwa halali jana vikawa haramu huko kwao. Ndiyo maana seti nzuri, za majina makubwa, huuzwa kwa bei ya kushangaza.

Afrika na Ulaya ziko katika eneo moja la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU), ambako bendi za 700 na 800 zimetengwa pia kwa intaneti ya simu. Seti ya mtumba ya bendi hizo inaweza kufanya kazi leo na kufa siku mnara wa 4G utakapowashwa jirani. Na si suala la kuvurugikiwa tu. Mtumiaji anaweza kuwa anavunja sheria.

Basi kabla ya kulipa, geuza kifaa na usome masafa yaliyoandikwa. Kama hayakuandikwa, usinunue. Yakiandikwa kati ya 694 na 862, acha. Yakiwa chini ya 694, uliza mamlaka ya nchi utakakoyatumia: ARCT kwa Burundi, TCRA kwa Tanzania, RURA kwa Rwanda, UCC kwa Uganda, CA kwa Kenya, ARPTC kwa Kongo. Za bendi ya 2.4 gigahezi hazina kero hiyo, lakini hushiriki njia na Wi-Fi na Bluetooth, na mtaa wa nyumba zilizobanana una Wi-Fi nyingi. Za bendi ya 1.9 zina toleo la Ulaya na la Marekani yenye masafa tofauti. Ya Marekani iache.

Kwa chumba kimoja chenye meza isiyohama, waya bado ni rafiki. Hauhitaji betri, hauhitaji kibali, na mtu wa nje hawezi kuusikiliza kwa redio. Wanaozungumza bei za zabuni walifikirie hilo.

Umeme na plagi

Burundi, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo zote hutumia volti 220 hadi 240 kwa hezi 50, hivyo kifaa cha nchi moja kitafanya kazi nyingine. Plagi ndiyo tofauti: Kenya, Uganda na Tanzania hutumia pini tatu bapa, Burundi pini mbili za duara. Nunua adapta nzuri, zenye njia ya waya wa ardhini. Kukosekana kwa waya huo ni chanzo kimojawapo cha mvumo mzito unaosikika spika zikiwashwa. Kifaa kilichotoka Marekani huenda ni cha volti 120 pekee. Soma adapta yake kabla ya kuchomeka.

Umeme ukikatika, seti yenye mashine ya kati huzimika yote. Betri ndogo ya akiba, UPS, inayoweza kubeba mashine ya kati na ruta ya intaneti, inapaswa kuwa kwenye bajeti ileile. Kifaa cha USB kinachotumia umeme wa laptopu kina faida hapa: kinaendelea hadi laptopu iishe chaji.

Mpakani

Wengi wamesikia kwamba bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili. Ni kweli kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya na zilizomo katika orodha ya pamoja. Maikrofoni iliyotengenezwa China na kununuliwa Kariakoo haiwi ya Tanzania kwa kuwa ilinunuliwa Tanzania. Anayepita Kobero, Mugina au mpaka mwingine akidhani cheti hicho kitamlinda atakwama.

Ushuru wa pamoja wa forodha wa jumuiya una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Peleka namba ya kifungu kwa wakala wako au OBR, upewe kiwango kinachotumika wakati huo kwa maandishi. Kisha ongeza kodi ya thamani, ambayo ni asilimia 18 Burundi na Tanzania, na asilimia 16 Kenya. Mchanganyiko wa bidhaa chini ya jina moja, "vifaa vya sauti", huzaa makadirio. Tenganisha kwenye ankara: maikrofoni kivyake, spika kivyake, waya kivyake.

Bandia ni hatari nyingine. Shure SM58, maikrofoni ya mkononi iliyotoka mwaka 1966, ni miongoni mwa zinazoigwa sana duniani. Ya kweli hukaribia gramu 300. Mizani ya duka la viungo inatosha kukuonyesha iliyo nyepesi mno. Bandia si lazima iwe kimya. Mara nyingi inasikika, ila "s" zake zimekufa.

Jaribio la dakika kumi

Usikubali kujaribiwa kifaa kwa "haloo, haloo". Neno hilo limejaa irabu na litasikika kwenye chochote. Fanya hivi.

Mpigie simu mwenzako aliye mji mwingine. Weka kifaa mezani, katika chumba kitakachotumika ikiwezekana, feni ikiwa imewashwa. Kaa mahali pa mjumbe wa mbali zaidi. Soma kwa sauti ya kawaida, bila mpangilio, namba ishirini kutoka katika hizi: sitini, sabini, themanini, tisini, sita, saba. Changanya "six", "dix", "soixante" na "septante". Mwenzako aandike anachosikia na akutumie kwa ujumbe.

Akikosa hata moja kati ya ishirini, sogeza kifaa karibu na urudie. Akikosa tena, badilisha mahali pa meza, funga pazia, rudia mara ya tatu. Kikishindwa hapo, kirudishe dukani kikiwa bado na boksi lake.

Na hata kikifaulu, kila idadi na kila bei iliyotajwa kwenye mkutano irudiwe na anayeipokea, tarakimu kwa tarakimu: "sita sifuri, magunia sita sifuri." Katibu aiandike kwenye kundi la WhatsApp kabla simu haijakatwa, na wa Kigoma ajibu kwa kuiandika tena.